Kuzuru magofu ya abasia ya Battle na uwanja wa vita vya 1066: anzia bondeni, malizia altareni

Kila kiangazi ni yale yale. Mgeni anatua Heathrow, anazunguka maduka siku tatu, miguu inamuuma, halafu ananiandikia: "Eti kuna mahali panaitwa Battle, walipopigana vita vya Hastings. Tunafikaje? Kuna nini cha kuona?" Kesho yake anauliza mwingine. Nimeyajibu maswali haya kwa ujumbe wa sauti mpaka nimechoka kujisikiliza, kwa hiyo leo nayaandika yote. Ukiniuliza tena nitakutumia hapa.

Nianze na kosa linalowaharibia wengi siku yao. Usianze na magofu. Karibu kila mtu akishaonyesha tiketi hukimbilia kuta, hupiga picha, huchungulia uwanja wa vita akiwa juu ukingoni, hunywa chai, basi. Akirudi London anasema kaona mawe. Ile abasia, yaani nyumba ya wamonaki inayoongozwa na abate, imewekwa pale kwa sababu ya kilima, na kilima hukijui mpaka ukipande kwa miguu yako. Mwongozo wangu wote umesimama juu ya hilo: teremka kwanza, kisha panda.

Historia ya dakika mbili

Januari 1066 mfalme Edward wa Uingereza alifariki bila mtoto. Harold Godwinson akatawazwa kesho yake. Ng'ambo ya bahari, William mtawala wa Normandy, nchi ya Wanormani kaskazini mwa Ufaransa, akadai kwamba kiti kile aliahidiwa yeye. Mfalme wa Norway, Harald Hardrada, naye akataka. Harold akamwahi huyo wa Norway kaskazini, akamuua Stamford Bridge karibu na York tarehe 25 Septemba. Siku tatu baadaye William akashusha jeshi lake Pevensey, pwani ya kusini. Harold akageuza watu wake: karibu kilomita 300 kurudi London, kisha kama 90 nyingine kuelekea pwani. Jumamosi ya tarehe 14 Oktoba wakakutana juu ya kilima hiki. Jua lilipozama Harold alikuwa maiti, pamoja na ndugu zake wawili, Gyrth na Leofwine. Siku ya Krismasi William alivikwa taji Westminster.

Miaka michache baadaye, baada ya wajumbe wa Papa kuwapa Wanormani kitubio kwa damu waliyomwaga, William aliamuru abasia ijengwe mahali pa vita. Ilikuwa ya Wabenediktini, kanuni ile ile wanayoifuata wamonaki wa Ndanda na Peramiho, kwa hiyo aliyekulia Mtwara au Songea hahitaji kuelezwa abate ni nani. Ilidumu hadi 1538, mfalme Henry VIII alipozifunga nyumba za watawa na kugawa mali zao. Mji uliokua langoni pake ukaitwa Battle, yaani Mapigano.

Hiyo yatosha. Mengine utayasoma kwenye vibao, na kilima kitakueleza yaliyobaki.

Vitu vya kuwa navyo

- Tiketi ya kuingilia. Eneo linasimamiwa na English Heritage, shirika linalotunza majengo ya kale ya Uingereza. Ukinunua mapema kwenye tovuti yao bei huwa nafuu kuliko langoni. Wanachama huingia bure, na watoto wa chini ya miaka 5 pia, na vilevile anayemsaidia mtu mwenye ulemavu. Mgeni anayepanga kwenda pia Stonehenge na ngome ya Dover apige hesabu ya pasi yao ya wageni wa nje, ya siku 9 au 16. Mara nyingi inalipa.
- Viatu vilivyofungwa, vyenye soli yenye meno. Kama mvua imenyesha juma hilo, vaa gambuti bila aibu.
- Koti la mvua lenye kofia. Mwavuli uache. Upepo wa pale juu unaugeuza kichwa chini.
- Chakula. Mgahawa upo, ila kwa familia ya watu sita chapati na viazi vya nyumbani ni nafuu, na anayekula halali tu hana haja ya kuulizauliza.
- Simu iliyojaa chaji pamoja na betri ya ziada.
- Muda: tenga jumla ya saa nne za kukaa ndani ya eneo, bila kuhesabu safari.

Hatua kwa hatua

1. Chagua siku. Kuanzia majira ya kuchipua hadi vuli hufunguliwa karibu kila siku. Majira ya baridi siku hupungua sana, mara nyingi hubaki wikiendi na likizo za shule tu. Angalia kalenda kwenye tovuti usiku wa kuamkia safari, hata kama uliiangalia juma lililopita. Wikiendi iliyo karibu na tarehe 14 Oktoba huwa na maigizo ya vita: watu mamia wamevaa fulana za chuma, farasi, ngoma, mahema. Watoto hupenda sana. Ila siku hizo tiketi ni za tukio lenyewe, watu ni wengi mno, na kusimama peke yako mbele ya jiwe la altare (meza kuu ya ibada ya kanisa) usahau. Kama unakwenda mara moja tu maishani, chagua siku ya kazi, Mei au Septemba.

Angalizo kwa wanaoswali: Desemba jua huzama huko kabla hata ya saa kumi jioni. Adhuhuri na alasiri zinakimbizana, na magharibi inaweza kukukuta kwenye treni. Beba mswala mwepesi.

2. Kata tiketi ya treni ya Battle, si ya Hastings. Hili naliandika kwa kalamu nzito. Vita vinaitwa vya Hastings, lakini havikupiganwa Hastings. Mji huo uko pwani, karibu kilomita 10 mbele. Mara ya kwanza mimi mwenyewe, nikiwa na mjomba wangu kutoka Tanga, nililala kwenye treni tukapita Battle, tukashuka Hastings, na kwa ujeuri nikampandisha hadi kwenye magofu ya ngome iliyo juu ya jabali la pwani. Ngome kweli ni ya Wanormani. Mjomba akaizunguka taratibu, mikono nyuma, akatazama bahari chini, kisha akaniuliza: "Sasa farasi walipita wapi?" Sikuwa na jibu. Tukarudi stesheni.

Kutoka London treni huondoka Charing Cross, hupita London Bridge, kisha Tonbridge na Tunbridge Wells. Safari ni kama saa moja na nusu. Aliyeko Brighton au Eastbourne apite Hastings abadilishe treni hapo. Anayesafiri baada ya pilika za asubuhi hulipa pungufu, na watu wawili wanaosafiri pamoja mara kwa mara au familia yenye watoto wana kadi za Railcard zinazopunguza theluthi ya nauli.

Kosa la kawaida: mgeni aliyezoea kugusisha kadi ya benki au Oyster, kadi ya usafiri ya London, kwenye geti la London anagusisha na hapa, anapanda. Battle iko nje ya mipaka ya utaratibu huo. Ukikutwa ndani ya treni hivyo, unahesabiwa huna tiketi, na faini yake inauma. Nunua tiketi kamili ya kwenda na kurudi kwenye mashine, dirishani au kwenye programu ya simu.

Kosa la pili ni letu sisi tu: saa. Ukiwaandikia wageni "treni ni saa 4 na robo", nusu yao watakuja alasiri. Kwenye kundi la familia andika tarakimu kama zilivyo kwenye tiketi, 10:15, halafu ongeza "asubuhi". Humu nimetumia saa za Kiswahili.

3. Kutoka stesheni, fuata barabara inayopanda. Kabla hujaondoka geuka uitazame stesheni yenyewe. Imekuwapo tangu 1852 na aliyeichora aliipa madirisha ya ncha na paa la mwinuko kama kanisa, ili ifanane na jirani yake. Mpaka langoni ni dakika 10 hadi 15 kwa miguu. Alama zipo. Ukiona kanisa la St Mary upande wa kulia na ukuta mrefu wa mawe kushoto, umefika. Endelea kidogo tu, lango kuu utaliona limeziba mwisho wa barabara ya madukani.

4. Langoni: tiketi, choo, ramani, maswali mawili. Lango hili ni la 1338, wakati pwani ya kusini ilikuwa inaogopa mashambulizi ya Wafaransa, ndiyo maana limetengenezwa kama ngome. Onyesha tiketi, nenda choo (huko bondeni hakuna), chukua ramani, kisha muulize mhudumu: je, njia ndefu ya uwanja wa vita iko wazi yote leo? Na kuna kondoo? Baada ya mvua kubwa sehemu inaweza kufungwa. Kondoo nao huachiwa wachunge pale, na mtoto asiyewazoea atawakimbiza.

Kuna maonyesho, na kuna ngazi za kupanda juu ya paa la lango. Vyote viwili viache mpaka mwisho. Najua vinavutia. Viache.

5. Teremka hadi chini kabisa. Njia ni mbili: fupi, inayokatiza juu ukingoni na kufaa kwa kiti cha magurudumu na kigari cha mtoto, na ndefu, inayozunguka uwanja mzima. Kama miguu yako ni mizima, shika ndefu. Kwa mwendo wa kawaida haizidi saa moja. Utapita sanamu za mbao za askari, mmoja na shoka, mwingine na upinde, zimesimama kando ya njia kama watu waliochelewa jeshi lao. Watoto watataka picha na kila moja. Wape.

Endelea mpaka mahali ardhi inapokuwa laini na nyasi zinabadilika kuwa ndefu za majimaji. Hapo simama. Geuka nyuma.

Sasa wewe ni Mnormani. Juu ya kilima, pale unapoona kuta na madirisha matupu, ondoa majengo yote kichwani. Weka mstari wa watu, bega kwa bega, ngao zao zimegusana. Hawana farasi. Wapiganaji wa mfalme wanashika mashoka makubwa ya mikono miwili. Wako juu, wewe uko chini, na miguu yako iko kwenye tope. Saa tatu asubuhi inapigwa tarumbeta na unaambiwa panda.

Walipanda wapiga mishale, wakafuata askari wa miguu, kisha wapanda farasi, na ukuta wa ngao haukupasuka. Upande wa kushoto, Wabretoni, washirika wa William kutoka Brittany, wakakatika wakakimbia bondeni, ikavuma kwamba William kauawa. Ilimbidi ainue kofia yake ya chuma watu wauone uso wake. Baadhi ya Waingereza walipoona adui anakimbia wakavunja mstari wakamfukuza kuteremka, wakazungukwa huku huku chini wakakatwa. Wanormani wakaona: kumbe ukikimbia wanakufuata. Wakaanza kukimbia kwa makusudi. Ukisimama bondeni unaelewa mara moja kwa nini ujanja huo uliwafaa: juu Mwingereza ana kilima, akishuka hana kitu. Ukiwa ukingoni na kikombe cha chai huwezi kuliona hilo.

6. Sasa panda, tena usisimame. Jaribu kupanda moja kwa moja kwa mwendo wa haraka, na mkoba wako mgongoni. Hesabu unavuta pumzi mara ngapi kabla hujataka kupumzika. Mjomba alisimama mara tatu, mara ya tatu akajifanya anatazama ua. Halafu kumbuka: mwinuko huu umepunguzwa. Wajenzi wa abasia walisawazisha kilele ili wapate mahali pa kuweka msingi, kwa hiyo siku ya vita ulikuwa mkali kuliko unavyouona. Na ilikuwa kutwa nzima, asubuhi hadi machweo, wakati mapigano mengi ya zama zile yaliisha kwa saa moja au mbili.

Angalizo la viatu ni hapa. Udongo wa Sussex, jimbo hili, ni wa mfinyanzi. Ukilowa unateleza kama sabuni na kushika kama gundi kwa wakati mmoja. Nilikuja na shangazi mmoja mwenye makubazi ya ngozi, mazuri, ya Lamu. Hatua ya kumi kubazi la kushoto likabaki nyuma limenyonywa na tope, yeye akaendelea na soksi. Tulilitoa kwa kijiti.

Angalizo lingine: usilete kifaa cha kutafutia metali, wala usichimbe hata kwa kidole. Mahali hapa panalindwa na sheria na kosa hilo ni la jinai. Hata hivyo usidhani umekosa hazina. Pamoja na maelfu waliopigana, hakuna mfupa wala silaha iliyopatikana uwanjani ikathibitika kuwa ya siku ile. Droni nazo hairuhusiwi kurusha bila kibali.

7. Ingia bweni kwa mlango wa chini. Umefika juu, pumzi imerudi, sasa magofu yana maana. Jengo kubwa lililosimama bila paa ni bweni la wamonaki, la karne ya 13. Juu walilala. Chini kuna vyumba vitatu, na hapa usipite haraka haraka.

Kilima kinateremka kuelekea kusini lakini sakafu ya bweni juu ilibidi iwe sawa. Kwa hiyo vyumba vya chini vinarefuka kadiri ardhi inavyoshuka. Cha kwanza ni cha kawaida. Cha mwisho, kinachoitwa chumba cha wanovisi, yaani wamonaki wanafunzi, kinakwenda juu mpaka shingo inauma: nguzo nyembamba katikati, na kutoka kwenye kila nguzo mbavu za mawe zinafunguka kuelekea darini kama makuti yanavyotoka kwenye shina la mnazi. Weka kiganja kwenye nguzo. Ni baridi hata Julai. Sema neno moja kwa sauti ya kawaida usikie linavyozunguka kabla ya kukurudia. Mvua ikikukuta, hiki ndicho chumba cha kuingia.

Nyuma yake ni mabaki ya vyoo vya wamonaki, jengo zima. Watoto watacheka, waache. Ila ujue kwamba maji ndiyo yalikuwa ugomvi wa kwanza wa abasia hii. Masimulizi ya abasia yenyewe yanasema wamonaki walioletwa kutoka Marmoutier, Ufaransa, walipofika waliona kilima hakina maji, wakaanza kujenga chini kidogo upande wa magharibi. William aliposikia alikasirika, akaamuru altare kuu iwe pale pale Harold alipoanguka. Walipolalamika kuhusu maji, akajibu kwamba akijaliwa uhai watakuwa na divai tele kuliko maji katika abasia nyingine. Fundi yeyote angechagua pale chini. Mfalme alitaka alama yake ikae juu.

8. Tafuta jiwe la altare. Hapa ndipo kila mgeni wangu huuliza: "Sasa kanisa liko wapi?" Umesimama ndani yake. Kanisa lilibarikiwa 1094 mbele ya William Rufus, mwana wa William, kwa sababu baba alikuwa amekwisha kufa 1087. Baada ya 1538 Sir Anthony Browne, mkuu wa mazizi ya farasi ya Henry VIII, alipewa eneo akalibomoa kanisa lote na kuyageuza makazi ya abate kuwa nyumba yake. Kilichobaki ni ramani ya kuta iliyochorwa kwenye nyasi, pamoja na sehemu ya chini ya upande wa mashariki ulioongezwa baadaye. Tembea ukifuata alama hizo kutoka magharibi mpaka mwisho wa kanisa. Ndipo utakapoona ukubwa wake.

Katikati ya nyasi utakuta bamba la jiwe lililolala. Maandishi yake yanasema kwa mujibu wa mapokeo altare kuu ilikuwa hapa, pahali alipokufa mfalme Harold. Wakati mwingine mtu huacha maua. Usilikanyage, wala usiwaruhusu watoto kulirukaruka. Haijaandikwa popote, ila siku moja niliona kizee mmoja wa Kiingereza amevua kofia mbele yake, nikaona haya kwa niaba ya watoto wangu.

Mgeni akiuliza kama kweli Harold alipigwa mshale jichoni, mwambie hilo limetokana na kitambaa cha Bayeux, kile chenye urefu wa karibu mita 70 kilichodariziwa vita vyote, na kwamba wataalamu wanabishana ni yupi kati ya wale waliotariziwa ndiye Harold. Usimalize mabishano hayo wewe.

9. Paa la lango, kisha maonyesho, kisha kanisa la mtaani. Ngazi za lango ni nyembamba, za kuzunguka, na mwenye magoti mabovu asijilazimishe. Ukifika juu utauona mji upande mmoja, na abasia na bonde upande mwingine, na bonde hilo sasa unalijua kwa miguu.

Jumba kubwa zuri unaloliona limebaki na paa lake, lile lililokuwa makazi ya abate, ni shule. Kwa kawaida haliingiliki. Usilisogelee na kamera kipindi cha masomo.

Maonyesho ya langoni soma kama nusu saa. Mimi huwaonyesha wageni jambo ambalo halimo kwenye kibao chochote. Wanormani walileta Kifaransa chao mahakamani na ikulu, na maneno hayo yakabaki ndani ya Kiingereza: ya hakimu, ya mahakama, ya kifungo. Kiingereza kilipofika kwetu tukayachukua: jaji, korti, jela, waranti. Kwa hiyo mtu akipelekwa korti Mombasa, akasimama mbele ya jaji, akatupwa jela, ametumia maneno matatu yaliyopandia kilima hiki. Hukumu yenyewe, angalau, ni ya Kiarabu.

Ukitoka, vuka barabara uingie kanisa la St Mary kama liko wazi. Ndani kuna kaburi la huyo Sir Anthony Browne na mkewe Alice, sanamu zao zimelala chali zimeshika mikono ya sala. Wenyeji husimulia kwamba mmonaki mmoja alimlaani: uzao wake utaishia kwa moto na maji. Mwaka 1793 jumba la familia hiyo la Cowdray liliteketea, na mwaka huo huo kijana aliyelirithi akazama kwenye mto Rhine. Mjomba aliposikia hayo alisema tu, "Mali ya watawa," akatoka nje.

Mambo yakienda mrama

*Treni imefutwa au kuna basi badala yake.* Hutokea sana Jumapili, wanapotengeneza reli. Angalia usiku wa kuamkia safari. Basi likiwapo, ongeza saa nzima kwenye hesabu zako, au ahirisha.

*Umepitiliza Hastings kama mimi.* Usipande ngomeni. Vuka jukwaa upande treni ya kurudi. Battle ni kama robo saa.

*Tiketi ya kuingilia haifunguki kwenye simu.* Piga picha ya skrini kabla hujatoka nyumbani. Umesahau? Mpe mhudumu jina ulilonunulia na namba ya oda.

*Njia ndefu imefungwa.* Kwenda hadi kwenye majimaji haiwezekani. Shuka mpaka unaporuhusiwa, geuka, fanya hatua ya 5 hapo hapo. Hata nusu ya mteremko inafundisha.

*Mzee hawezi kushuka.* Mwache kwenye benchi la njia fupi, na mtu mmoja wa kukaa naye, si peke yake. Vyumba vya bweni mpeleke baadaye kwa taratibu. Muulize mhudumu langoni njia isiyo na ngazi.

*Mtoto amechoka na mawe.* Mpeleke kwenye banda la kale la kuhifadhia barafu, shimo refu la giza lenye kibanda cha makuti ya Kizungu juu yake. Hakuna mtoto asiyetaka kuchungulia.

*Mgeni mjuaji anasema vita havikupiganwa hapa.* Ni kweli wapo wanaotaja Caldbec Hill, wengine Crowhurst. Wanahistoria wengi wamebaki na kilima hiki, na hoja yao kubwa ni ile ya maji: nani angejenga abasia juu ya mteremko mkavu, asawazishe kilele kwa jasho, kama si lazima iwe hapo hapo?

*Mgeni anasema Kilwa ni bora.* Mwambie ndiyo, akitaka. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ulianza karne hiyo hiyo ya 11 na kuta zake zimesimama kuliko kanisa hili. Kisha mpandishe kilima.

*Viatu vimejaa tope na treni inakuja.* Usivioshe kwenye sinki la choo cha stesheni, utaliziba. Funga kila kimoja kwenye mfuko wa plastiki, vaa vya akiba, uviache vikauke nyumbani usiku mzima. Kesho yake vigonganishe soli kwa soli nje ya mlango. Mfinyanzi ukikauka huanguka wenyewe kwa mabonge.